Waliokaa Kwenye Kibuyu cha Mama

Kule kwetu Nyamwaga, mtu akisema anapita mahali kunywa maziwa, watu walijua anapita kwa mama. Si kwamba nyumba nyingine hazikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wapo kila boma, na kibuyu kilining'inia karibu kila jiko. Lakini maziwa ya mama yaliganda kwa namna yake: mazito bila mabonge, makali kidogo ulimini, kisha yanaacha harufu ya moshi kooni. Baba mkwe wa kaka yangu alipokuja mara ya kwanza kuzungumza habari za uchumba, alikunywa, akaongezwa, akanywa tena, ndipo akafungua mdomo kusema lililomleta. Mama alizoea kutuambia kwamba ndoa ile ilianzia kwenye kibuyu.

Kazi yenyewe niliiona kila siku bila kuiangalia. Mama alimimina kwanza kwenye bakuli maziwa yaliyobaki kibuyuni. Halafu alichukua kijiti cha mti fulani wa porini, mti ambao Kikurya kina jina lake na Kiswahili chake sijakipata mpaka leo, akakichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu. Akakiingiza kwenye kibuyu na kusugua ndani kwa ndani, moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu na kumfanya afumbe jicho moja. Akakung'uta majivu, akarudisha yale maziwa ya zamani, na juu yake akamimina mapya yaliyotoka kukamuliwa, bado na joto la ng'ombe. Hakuwahi kukimaliza kibuyu. Hata wageni wakizidi, alibakiza kidogo. Alisema kibuyu hakilali na njaa.

Dada zangu wakubwa walijifunza kazi ile wakaolewa nayo, mmoja huko Kenya ng'ambo ya Sirari, mwingine mbali zaidi. Mimi nilipelekwa shule ya bweni mapema, kisha chuo, na nikirudi likizo mama alinipa kikombe kama mgeni. Sikuwahi kushika kile kijiti. Hakuna aliyenikataza na hakuna aliyenilazimisha. Nilidhani ni kitu kitakachokuwepo tu, kama vile mlima uliopo nyuma ya nyumba.

Nikawa mwalimu wa baiolojia. Nilipangiwa sekondari moja Ringwani, upande wa Serengeti, ukishavuka Mto Mara. Hapo nikaolewa na mwalimu mwenzangu, na hapo ndipo ninapoishi hadi sasa.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la seli. Nalifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, halafu nalieleza kwa Kiswahili, na walioko nyuma ya darasa wanaelezana wenyewe kwa Kikurya. Tabu ilikuwa neno moja. Katika Kiswahili cha huku, kila kiumbe kisichoonekana kwa macho ni mdudu. Mtoto akipimwa malaria, mama yake atakuambia amekutwa na wadudu. Maji ya mtoni yana wadudu. Jino likiuma, limeingiwa na mdudu. Nilipigana na neno hilo kila mwaka. Niliwaambia wanafunzi kwamba mdudu ana miguu na tumbo, na mwili wake umejengwa kwa seli zisizohesabika. Hawa tunaowasema ni seli moja tu. Uhai wao wote uko kwenye chumba kimoja: humo wanakula, humo wanapumua, humo wanajisaidia, na wakitaka kuzaa, chumba kinajigawa kuwa viwili. Walicheka, wakaelewa. Kwenye mtihani wakaandika mdudu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alikuja Ringwani kunitunza. Aliteremka kwenye gari na kikapu cha ndizi, kuku, na kibuyu kidogo alichokibeba kifuani kama mtoto mwingine. Kila asubuhi alinipa maziwa yale na kusimama mbele yangu mpaka niyamalize. Kwa jirani yetu mwenye ng'ombe alipata maziwa mapya, akawa anakilisha kibuyu chake hapo hapo jikoni kwangu.

Siku moja, wakati nguvu zilishanirudia, nilimwomba twende naye shuleni na kibuyu chake. Ilikuwa Jumamosi, maabara ilikuwa tupu. Tulikuwa na hadubini moja nzima, ile ya zamani yenye kioo chini cha kukusanyia mwanga wa jua. Niliisogeza dirishani. Nilichukua tone la maziwa kutoka kwenye kibuyu, nikalipunguza kwa maji, nikatia kidogo ile dawa ya bluu ya kuvipa viumbe rangi, nikafunika kwa kioo chembamba. Nikatafuta mpaka nikawapata.

"Mama, njoo uangalie hapa."

Alijitanda khanga vizuri kwanza, kana kwamba anakwenda kuonana na mtu. Akainama. Alijaribu kufumba jicho la pili, nikamsaidia kulifunika kwa kiganja.

"Naona mayai," akasema.

"Si mayai. Hao ni viumbe hai. Kila unachokiona kama yai ni kiumbe kimoja kizima. Ni ndugu wa hamira."

"Hamira ya maandazi?"

"Hiyo hiyo."

"Hamira ni kiumbe?"

"Ni kiumbe kilichokaushwa. Kikipata maji na sukari, kinaamka."

Alinitazama kuona kama namtania, kisha akainama tena. Nilimwambia aangalie vizuri katikati ya yale mayai, kuna wengine wadogo zaidi, kama vumbi lenye urefu. Ilimchukua muda. Halafu alishika ukingo wa meza.

"Wanatikisika! Wanacheza!"

Nilitaka kumweleza kwamba kutikisika kule si kucheza, kwamba ni maji yanayowasukuma, lakini alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona mama akicheka namna ile, na mdomo wazi kama msichana, jicho likiwa bado kwenye hadubini. Nikamwacha acheze nao.

"Hawa wametoka wapi?" akaniuliza tulipokuwa tunatoka.

"Wako kwenye kibuyu. Wako kwenye kuta zake, ndani ya vile vitundu vidogo. Ndio wanaogandisha maziwa. Yale unayobakiza chini, unawabakiza wao."

"Kwa hiyo ndio ninaowalisha."

"Ndio."

"Kwa Kiswahili mnawaitaje?"

Hapo nilisita. Tulikuwa tunazungumza Kikurya, na Kikurya hakikuwa na jina lao, wala mimi sikuwa na jina jingine la karibu. Nikasema, "Vijidudu."

"Vijidudu," akarudia, akijifunza. "Vijidudu vyangu."

Aliporudi Nyamwaga habari ile ilienda kanisani, ikaenda kisimani, ikamfikia kila aliyepita kunywa maziwa. Alimwambia kila mtu kwamba amewaona kwa jicho lake wanaomfanyia kazi, kwamba wako wa bluu, na kwamba wanacheza. Nilipokwenda kusalimia mwisho wa mwaka, wanawake walinisimamisha njiani. "Shikamoo" niliyowapa waliipokea haraka haraka, wakauliza: "Mwalimu, ni kweli maziwa ya mama yako yana watu?" Nilicheka nikasema ni kweli. Nilijiona nimefanya jambo. Niliwaza kwamba kazi yangu yote ya ualimu, ya kufuta na kuandika ubaoni, haijawahi kumfurahisha mtu kama ilivyomfurahisha mama siku ile moja dirishani.

Muda ukapita, mtoto wangu akaanza kusimama. Ndipo baba akaanza kuumwa.

Mwanzoni ilikuwa homa ya jioni. Inakuja jua likishuka, inamtoa jasho, asubuhi amepona anatoka na ng'ombe. Alipimwa malaria kwenye zahanati, akaambiwa hana, akapewa dawa hata hivyo. Homa ikaacha, ikarudi. Akapimwa taifodi, akapewa dawa za taifodi. Homa ikaacha, ikarudi. Kisha magoti yakaanza kuuma, na kiuno, mpaka mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi mnadani akawa anashika ukuta kwenda chooni. Akakonda. Kaka yangu alinipigia simu akasema, "Njoo umwone baba, huenda usimtambue."

Nilimkuta amekaa juani, amevaa koti zito. Tulimpeleka hospitali ya mbali kidogo, mimi na mama na kaka. Dada wa maabara, mtu mpole, alichukua damu yake na kuipima kwa vipimo vingi, na mwisho daktari akatuita ndani. Alieleza kwa Kiswahili cha taratibu, akiwatazama wazee.

"Mzee ana bruselosisi. Ni ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Wafugaji wanaufahamu kama ugonjwa wa kutupa mimba."

Baba aligeuza kichwa polepole. "Mimi? Nitupe mimba?"

Kaka alicheka kwa nguvu, daktari naye akacheka, hata baba akatabasamu, nadhani kwa sababu hatimaye ugonjwa wake una jina. Daktari akaeleza kwamba ng'ombe ndio hutupa mimba, binadamu hupata homa na maumivu ya viungo. Unatibika, ila dawa ni za muda mrefu na asikatishe. Kisha akauliza, "Nyumbani mnakunywa maziwa yasiyochemshwa?"

Mama Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alikuwa ameshika neno maziwa, akageuka kunitazama, na mimi nikamfasiria. Nilimwambia kwa Kikurya kwamba ugonjwa wa baba unaletwa na vijidudu vinavyotoka kwa ng'ombe mgonjwa, vinaingia kwenye maziwa, na mtu akiyanywa mabichi vinamwingia. Daktari anataka maziwa yote yachemshwe, na yale ya kibuyu yasinywewe tena.

Niliona uso wake ukibadilika kabla sijamaliza sentensi.

"Vijidudu," akasema kwa Kiswahili. "Wale."

"Si wale, mama. Wale ni wengine, wale ni wazuri. Hawa ni aina nyingine kabisa."

"Uliwaona hawa wengine?"

"Hapana. Hawaonekani kwa hadubini ya shule, na hata wakionekana ni vigumu kuwatofautisha."

"Lakini wale niliwaona."

"Ndio, lakini..."

"Wanafanana?"

Daktari alikuwa anasubiri, wagonjwa wengine walikuwa mlangoni. Nilisema kwamba vyote ni vidogo, vyote ni seli mojamoja, lakini ni kama ng'ombe na fisi, huwezi kusema ni kitu kimoja kwa sababu wote wana miguu minne. Mama aliitikia kwa kichwa. Ni ile namna wanafunzi wangu wanavyoitikia, na ualimu umenifundisha kuijua. Mtu anaitikia ili umwache.

Tulipofika nyumbani, hata khanga ya safari hakuivua. Aliingia jikoni, akatungua vibuyu vyote, kikubwa na vidogo, akaenda navyo nyuma ya nyumba kwenye migomba, akamwaga. Nilisimama mlangoni nikiyaangalia maziwa yakiingia ardhini. Sikumzuia, kwa kuwa ndivyo daktari alivyosema na ndivyo ningemwambia mzazi yeyote wa mwanafunzi wangu. Ningesema vivyo hivyo leo. Kisha akachemsha maji, akatia sabuni ya unga, akavisugua ndani kwa ndani, akavianika juani midomo ikiwa wazi. Mimi, niliyejua kwamba kwenye vile vitundu bado wapo, nilijua pia maana ya maji ya moto na sabuni.

Baba alipona. Lazima niliseme hilo wazi, kwa sababu lisingekuwa hilo tungekuwa na huzuni nyingine. Alimeza vidonge vyake vyote, mama akimsimamia kama alivyonisimamia mimi. Homa ikakatika. Viungo vikaachia, ingawa siyo vyote, na alirudi kwa ng'ombe wake.

Mama akaanza kuchemsha maziwa. Nilimweleza njia: achemshe, ayaache yapoe, ayatie kwenye kibuyu safi, yataganda. Nilisema kama mtu aliyeandika notisi za somo hilo. Yaligeuka machungu, yakajitenga na kutoa harufu ya kuoza. Maziwa yaliyochemshwa hayana wa kuyagandisha, na waliokuwepo kwenye kibuyu tumeshawaua. Yeyote aliyepita hewani aliingia akafanya alivyotaka. Nilirudi na mtindi wa chupa nilioununua Tarime mjini, dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu ambaye familia yake ilitoka pwani zamani. Alinihakikishia ni mzuri, na kweli ulikuwa mzuri. Nikamwambia mama autie kidogo kwenye maziwa yaliyochemshwa na kupoa, uwe mbegu. Yakaganda. Yalikuwa meupe, laini, matamu kama chakula cha mgonjwa.

Mgeni wa kwanza kuyaonja alikuwa jirani yetu wa siku nyingi. Alikunywa nusu, akakiweka kikombe chini kwa adabu.

"Ni mazuri," akasema.

Mama alimtazama. "Ni ya dukani," akamjibu, na akakichukua kikombe.

Baada ya hapo alipika chai tu. Watu waliendelea kuja kwa muda, kwa mazoea, halafu wakapungua. Hakuna aliyegombana naye. Ila chai ipo kila nyumba, na mtu hapandi mlima kwa ajili ya chai. Pale kisimani ambako alikuwa akisimulia vijidudu vyake, sasa wengine ndio walimkumbusha, wakidhani wanataniana naye: "Mama, kumbe wale watu wako walikuwa wachawi." Alicheka nao. Shemeji yangu aliyesikia ndiye aliyeniambia kwamba alicheka nao.

Mwaka uliofuata bwana mifugo alipita bomani akipima ng'ombe damu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikakaa kumsikiliza. Alimkuta ng'ombe mmoja, jike jeusi, ana ugonjwa ule. Akamwuliza baba kama ng'ombe huyo aliwahi kutupa mimba.

"Huyu? Alitupa ndama wakati wa mvua kubwa. Ndama alikwama, amekufa, nusu nje nusu ndani. Nilimvuta mimi mwenyewe."

"Kwa mikono mitupu?"

"Ulitaka nimvute kwa meno?"

Bwana mifugo hakucheka. "Mzee, mkono wako ulikuwa na kidonda chochote?"

Baba alitazama mikono yake. Mfugaji gani hana kidonda mkononi? Bwana mifugo akaeleza kwamba maji ya uzazi ya ng'ombe aliyetupa mimba yamejaa ugonjwa kuliko kitu kingine chochote, na kwamba wanaume wengi aliowaona wameupata pale, kwenye kuvuta ndama, na si kwenye kikombe. Akamshauri yule jike aondolewe kundini, na ndivyo ilivyofanyika.

Nilikaa na maneno yale siku nzima. Mama mwenyewe alikuwa ameyanywa maziwa yale maisha yake yote, tena mengi kuliko baba. Tulipomshauri apimwe, alipimwa, hakukutwa na kitu. Kaka hana, wajukuu hawana. Mimi nilinywa kikombe kizima kila asubuhi nikiwa mzazi mchanga, na sina. Haikuwa ushahidi. Mwalimu wa sayansi anajua kwamba haikuwa ushahidi, na kwamba yule jike mweusi alikamuliwa pia. Lakini ilitosha kumwambia mama.

Nilimkuta anapembua mahindi. Nikakaa chini, nikachukua ungo mwingine.

"Mama, bwana mifugo anasema huenda baba aliupata kwa yule ndama. Huenda si maziwa."

"Nimemsikia."

"Huenda maziwa yako hayakumfanya kitu."

"Huenda." Aliendelea kupembua. "Na huenda yalimfanya."

"Ndio. Hatuwezi kujua."

"Basi ndio hivyo, mwanangu. Mimi nikimpa mtu maziwa nampa kwa mikono miwili. Kwa huenda, siwezi."

Nilianza tena habari za wale wa bluu, kwamba siku ile shuleni alichokiona hakikuwa ugonjwa, kwamba hata wale wadogo waliokuwa wakicheza hawakuwa na ubaya. Akanigusa goti.

"Uliponionyesha nilifurahi sana," akasema. "Sitaki ufikiri sikufurahi."

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi, barabarani, darasani, nikiosha vyombo. Sijui kama lilikuwa la kunifariji au la kunifunga mdomo. Mara nyingine nawaza kwamba laiti jicho lake lisingeingia kwenye ile hadubini, daktari angesema chemsheni maziwa, naye angelalamika kama kina mama wote walivyolalamika, angechemsha ya watoto, na siku moja moja, kwa siri, angelisha kibuyu chake. Wanawake wengine wa kijiji walisikia mafundisho yale yale kutoka kwa wahudumu wa afya na ndivyo walivyofanya. Lakini hao hawakuwa wamewaona. Kwao vijidudu ni neno tu. Mama alikuwa na sura zao.

Alifariki akiwa bado na nguvu, ghafla, asubuhi ya siku ya soko. Wakasema ni presha. Tulimzika kwenye eneo letu, kati ya migomba na njia. Mvua ilitunyeshea, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia.

Katika siku za matanga, mama mdogo, yaani mdogo wake mama aliyeolewa Busawe, alikaa nami jikoni akizungumza ya utoto wao. Katikati ya mengine alisema kwamba alipoolewa, dada yake alimjazia kibuyu maziwa ya kwenda nayo, na kwamba dada yake naye alijaziwa na mama yao alipokuwa anaolewa, na mama yao vilevile. Alilisema kama habari ya kawaida, akaenda kwenye jambo jingine. Mimi sikumsikia tena alichosema baadaye.

Ndicho ninachofundisha kila mwaka na sikuwa nimekifikiria kwa watu wangu. Seli haizeeki kama sisi. Inajigawa, na zile mbili zote ndizo ile ya kwanza. Hakuna maiti inayobaki. Waliokuwa kwenye kibuyu cha mama walikuwa wale wale wa kibuyu cha bibi. Na kama waliondoka na mama mdogo kwenda Busawe, basi wako Busawe. Ningechukua kidogo, kwenye chupa ndogo iliyooshwa vizuri. Ningewalisha kwa maziwa ya ng'ombe aliyepimwa, yaliyochemshwa na kupoa, tena na tena, mpaka nipate kibuyu ambacho hata daktari yule angekunywa. Ningejifunza kile kijiti. Niliyapanga yote hayo, na nilikuwa na furaha ambayo niliona haya kuwa nayo matangani.

Nilikwenda Busawe shule zilipofungwa. Mama mdogo alikuwa nje anafunga kuni. Nilimwamkia, akanipokea mizigo, tukaingia ndani. Tulizungumza habari za nyumbani, za baba na viungo vyake, za watoto. Nilipoona imefaa nikamwambia nilichokifuata.

Aliweka mikono mapajani.

"Mwanangu, kibuyu hicho hakipo."

"Kilivunjika?"

"Hakikuvunjika. Nilikimwaga. Mama yako alikuja hapa mwenyewe, baba yako akiwa bado kwenye dawa. Nilipomwona njiani bila taarifa nilidhani kuna msiba. Alikaa pale ulipokaa, akakataa hata maji mpaka aseme kwanza. Akaniambia, mdogo wangu, nilichokupa siku ya ndoa yako kina ugonjwa. Nimewaona kwa macho yangu. Mwaga."

"Ukamwaga."

"Angeniambia mtu mwingine nisingemwaga."

Akaniambia mama hakuishia kwake. Kulikuwa na wanawake wengi, wengine vijiji vya mbali, ambao vibuyu vyao viliwahi kuharibika wakaja kwake kuomba mbegu. Aliwafuata wote, hata dada zangu walioolewa mbali. Wa karibu aliwafuata kwa miguu, wa mbali alituma watu anaowaamini. Hakutuambia, si mimi wala kaka. Nilikuwa Ringwani wakati huo, nikifundisha.

Nilikaa nikimfikiria akipita kwenye nyumba za watu, mwanamke aliyejulikana kwa kitu kimoja, akiwaambia mmoja mmoja kwamba kitu hicho ni kibaya.

"Alikosea?" mama mdogo akaniuliza. Aliuliza kama mtu anayemwuliza mwalimu, akisubiri jibu.

Ningeweza kumweleza habari za ndama, na vipimo vya mama, na wale wa bluu. Lakini nawachemshia watoto wangu maziwa kila siku, na nawaambia wazazi shuleni wachemshe, na nimewaona watu waliopata ugonjwa ule kwa kikombe wala si kwa ndama.

"Hakukosea," nikasema.

"Basi kama hakukosea, umekuja kutafuta nini?"

Nikamwambia nimekuja kumsalimia. Aliniangalia kidogo, kisha akainuka, akaingia jikoni kuinjika chai.